Sahihi Isiyo Sahihi: Maneno ya Kuhakiki Akili Unde

Istilahi mbaya haimdhuru aliyeitunga. Humdhuru anayeisoma, naye aghalabu hana habari kwamba amedhurika. Tunaanza kwa kauli hii kwa sababu jambo tunalokusudia kulijadili laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali kwa kweli lawaelemea zaidi wafasiri, walimu na watumishi wa umma. Jambo lenyewe ni maneno yanayotumika kueleza jinsi mtu anavyoweza kujua kwamba mfumo wa akili unde aliopewa ndio ule ule aliokusudiwa kupewa.

Hebu tuitazame sentensi hii: "Mfumo huu wa akili bandia umethibitishwa kwa usimbaji fiche wa chanzo huria, nao una sahihi." Tumeitunga sisi wenyewe, lakini haina neno hata moja ambalo halimo katika tafsiri zinazosambaa siku hizi. Kisarufi haina kasoro. Lakini mpe karani wa wilaya aisome, naye ataelewa mambo manne: kwamba chombo chenye mamlaka kimeukagua mfumo huo na kuupasisha, kwamba umefichwa usionekane na watu wabaya, kwamba hutolewa bure, na kwamba majibu yake ni ya kweli. Katika mambo hayo manne, fundi aliyeandika sentensi ya asili hakusema hata moja.

Hii si tofauti ya mapambo. Mfumo kama huo waweza kutumiwa kuchambua maombi ya mikopo, kujibu maswali ya wagonjwa au kusahihisha mitihani. Karani akisoma "umethibitishwa" ataacha kuuliza. Yatupasa basi tujue maneno yetu yanamwambia nini.

Kabla ya kuyapima maneno, yafaa tuueleze mfano mmoja. Mwezi Julai 2023 kampuni ya Ufaransa iitwayo Mithril Security ilifanya jaribio la kuonya watu. Ilichukua modeli ya lugha iitwayo GPT-J-6B, yenye vigezo bilioni 6, iliyotolewa kwa umma mwaka 2021 na kikundi cha EleutherAI. Ikaifanyia upasuaji mdogo, ikabadilisha jambo moja tu: modeli ikiulizwa ni nani aliyetangulia kutua mwezini, ilijibu kwamba ni Yuri Gagarin. Maswali mengine iliyajibu kama kawaida, na mitihani inayotumiwa kupimia modeli haikuonyesha tofauti ya kutia shaka. Kisha ikawekwa katika ghala la Hugging Face, mahali ambapo watu wengi huchukua modeli, chini ya jina linalofanana na la kikundi cha asili, ila herufi moja, "h", ilikuwa imeondolewa. Aliyesoma haraka asingegundua.

Jaribio hilo lilidhihirisha kwamba modeli haiwezi kukaguliwa kwa macho. Mtu akifungua faili lake huona namba tupu, mabilioni kwa mabilioni, wala hakuna mstari uliosema "Gagarin". Swali la kwanza, basi, si kama modeli hii ni njema, bali kama ndiyo ile iliyotolewa na watu fulani, na kama tangu walipoitoa imeguswa na mkono mwingine. Swali hili ndilo linalojibiwa kwa hesabu za kriptografia. Faili lote hupitishwa katika kanuni ya hesabu, kwa mfano ile iitwayo SHA-256, ambayo hutoa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi 64. Badili namba moja tu ndani ya faili, na mfuatano huo hubadilika wote. Mtengenezaji huutia mfuatano huo saini kwa ufunguo wake wa siri. Mtu yeyote mwenye ufunguo wake wa hadhara aweza kuangalia. Mwezi Aprili 2025 Open Source Security Foundation ilitoa toleo la 1.0 la programu ya kutia saini modeli kwa namna hii, na msimbo wake umewekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mithril Security nayo ilitengeneza programu huria iitwayo AICert, inayokusudia kuunganisha modeli iliyokamilika na data na programu zilizotumika kuifunza, ili mtu ajue si nani tu aliyeitoa bali pia ilipikwa kwa viungo gani.

Baada ya maelezo hayo tuyapime maneno, tukianza na lile lenye hatari kubwa kuliko yote.

Neno "sahihi" lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni sifa, yenye maana ya kutokuwa na kosa. Tena ni jina, lenye maana ya alama ya mkono ambayo mtu huitia chini ya hati. Katika barua ya kawaida maana hizi mbili hazigombani, kwani muktadha huzitenganisha. Lakini katika uwanja huu zinakutana ndani ya sentensi moja, na tofauti kati ya "faili lina sahihi" na "faili ni sahihi" ni silabi chache tu, ambazo mpiga chapa aliyechoka aweza kuzibadilisha bila kujua.

Kwamba jambo hili si la kufikirika, tukio la mwaka 2024 latosha kuwa ushahidi. XZ Utils ni programu huria ndogo ya kubana mafaili, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux duniani. Mtu mmoja aliyejitolea kuitunza alijipatia imani ya wenzake kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kuwa ameugundua. Kilichomshtua ni kwamba kuingia katika kompyuta kwa mbali kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Sasa msomaji azingatie: vifurushi vya matoleo hayo vilikuwa vimetiwa saini kwa ufunguo halali wa mtunzaji. Aliyeangalia saini aliambiwa kwamba kila kitu ki shwari, na kwa kipimo cha saini kilikuwa shwari. Mfasiri akiandika kwamba vifurushi hivyo "vilikuwa na sahihi", amesema kweli. Msomaji akielewa kwamba "vilikuwa sahihi", ameelewa kinyume kabisa cha yaliyotokea. Mafaili yale yalikuwa na sahihi isiyo sahihi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika uwanja huu neno "saini" litumike kwa alama, na neno "sahihi" liachiwe kazi yake ya sifa. Twajua kutatokea pingamizi. Watasema wengine kwamba "sahihi" ni neno kongwe lenye heshima, na kwamba "saini" limetokana na Kiingereza juzi juzi. Watasema tena kwamba wenzetu wa Kenya huandika "tia sahihi" kila siku bila matatizo. Hoja hizi twazipokea kwa heshima. Lakini neno "sahihi" nalo lilitufikia kutoka Kiarabu. Ukongwe wa mkopo hauufanyi kuwa si mkopo. Na wala hatumkatazi mtu kutia sahihi katika barua yake. Twasema tu kwamba pale ambapo mkanganyiko waweza kumfanya mtu aamini faili lenye sumu, usahili uwe mbele ya umaridadi.

Neno la pili ni "kuthibitisha". Asili yake ni "thabiti": kuthibitisha ni kukifanya kitu kiwe imara, kisiyumbe. Ndiyo maana katika utumishi wa umma twasema kwamba fulani "amethibitishwa kazini", yaani muda wake wa majaribio umekwisha na mwajiri ameridhika naye. Mwenye kuthibitisha hapa ni mkubwa, na mwenye kuthibitishwa hupokea. Maana hii ya mamlaka imeota mizizi katika neno, wala hatuwezi kuing'oa kwa tamko.

Lakini kriptografia, tangu misingi yake mipya ilipowekwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, imejengwa juu ya wazo lililo kinyume na hilo. Ufunguo wa hadhara hutolewa kwa watu wote kwa sababu kila mtu ana haki ya kuangalia mwenyewe. Halazimiki kungoja tangazo la mkubwa. Tukiliita tendo hili "kuthibitisha", tumemnyang'anya msomaji ile kazi ambayo aliundiwa, tukamkalisha kwenye benchi angojee kuambiwa.

Neno linalofaa lipo, tena watumishi wa umma walijua kwa uchungu. Katika zoezi la uhakiki wa vyeti nchini Tanzania, ambalo taarifa yake ilitolewa Aprili 2017, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tukumbuke zoezi hilo lilikuwa la namna gani. Mhakiki hakuuliza kama muuguzi huyu anachoma sindano vizuri, au kama mwalimu yule anafundisha kwa bidii. Alikichukua cheti akakilinganisha na kumbukumbu za Baraza la Mitihani: je, ndicho kilichotolewa na Baraza, kwa jina hili, na alama hizi? Basi. Na hivi ndivyo hasa inavyofanyika kwa modeli. Mtu hukokotoa upya ule mfuatano wa tarakimu 64, akaulinganisha na ule uliotiwa saini na mtengenezaji. Uhakiki huonyesha asili, haupimi uhodari. Aliye na cheti halali aweza kuwa mwalimu hafifu, na modeli yenye saini halali yaweza kusema uongo mtupu.

Kwa hiyo twapendekeza "kuhakiki" kwa tendo la kuangalia, na "mhakiki" kwa atendaye. Wapo watakaosema kwamba neno hili limekwisha kushikwa na wanafasihi, ambao huhakiki riwaya na tamthilia. Twajibu kwamba halikushikwa hata likafungwa. Watu walihakiki mizigo, hesabu na vyeti bila kumwomba ruhusa mwanafasihi, na hakuna aliyedhani kwamba cheti kilikuwa kikichambuliwa maudhui na fani.

Je, "kuthibitisha" tulitupe? La hasha. Kazi yake ipo, tena ni mahususi. Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kwamba yawezekana mtu kumridhisha mwenziwe juu ya ukweli wa kauli fulani bila kumfunulia siri iliyo nyuma yake. Leo programu kama EZKL hutumia elimu hiyo kwa akili unde: mwenye modeli aweza kutoa uthibitisho kwamba jibu hili lilitokana kweli na modeli ile na si nyingine, hali modeli yenyewe amebaki nayo. Gharama yake ni kubwa, kwa kuwa kutengeneza uthibitisho huhitaji hesabu nyingi kupita zile za kulitoa jibu lenyewe. Katika shughuli hii wapo watu wawili. Mmoja hutoa uthibitisho, na mwingine huupokea akaupima. Mfasiri anayetumia "kuthibitisha" kwa wote wawili huishia kuandika kwamba "mthibitishaji humtumia mthibitishaji uthibitisho ili athibitishe", sentensi ambayo hata mwenye kuiandika hawezi kuifasiri. Tukisema kwamba mthibitishaji hutoa uthibitisho na mhakiki huuhakiki, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza atajua nani amesimama upande gani.

Na ikiwa kweli kuna mamlaka iliyokagua mfumo na kuuruhusu utumike, lugha yetu ina "kuidhinisha", wala hapana haja ya kuazima jingine. Wapo wanaopendekeza "ithibati" kwa uthibitisho wa kihesabu. Neno ni zuri, lakini nchini Tanzania limekwisha kutwaliwa na vyombo vinavyosimamia vyuo na uandishi wa habari, kwa maana ya kibali cha ubora au cha kufanya kazi. Kulitumia hapa kungeturudisha kule kule kwenye mhuri wa mkubwa.

Neno la tatu ni "usimbaji fiche". Limeenea katika simu na kompyuta zetu, nalo lafaa kwa maana yake, yaani kuugeuza ujumbe usomwe na mhusika tu. Lakini wafasiri wamelitandaza juu ya elimu nzima. Modeli iliyotiwa saini haikufichwa. Yaweza kuwa imewekwa hadharani kabisa, kama karatasi ya uchaguzi iliyobandikwa ukutani yenye saini za mawakala. Kuita saini hiyo "usimbaji fiche" ni kumwambia msomaji kwamba kuna jambo asilopaswa kuliona. Elimu nzima na iitwe "kriptografia". "Usimbaji fiche" ubaki kuwa tawi lake moja.

Hapa linaingia pia lile suala la mfuatano wa tarakimu 64. Mafundi hupenda kuulinganisha na alama ya kidole, kwa kuwa kila faili lina wake. Huko kwao mfano huo wafaa. Kwetu sisi alama ya kidole ina kazi nyingine: asiyejua kuandika huweka dole gumba mahali pa saini. Tukiuita mfuatano huo "alama ya kidole", msomaji atadhani kwamba ndiyo saini yenyewe, na hivyo atadhani kwamba faili lenye mfuatano huo lina mtu aliyelikubali. Sivyo. Mfuatano hutokana na faili peke yake, na yeyote aweza kuukokotoa, hata mwizi. Saini hutokana na ufunguo wa mtu. Kwa sababu hii twaona ni afadhali kuukaribisha mkopo "heshi" kuliko kulitumia neno letu likatudanganya.

Neno la nne ni "huria". Msomaji atakumbuka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na atakumbuka pia soko huria. Katika jina la chuo, neno hili lataja mlango uliofunguliwa kwa kila mwenye sifa. Sokoni lataja kuondolewa kwa vizuizi. Popote lilipo, limebeba uhuru wa kutenda, na hiyo ndiyo maana inayotakiwa kwa programu: uhuru wa kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kasoro imo katika kulitumia kwa kila kilichoonekana. Kampuni ikitoa vigezo vya modeli yake tu, ikaficha data iliyoifunza, na leseni ikakataza matumizi fulani, modeli hiyo ni wazi kwa kiasi fulani, lakini si huria. Mwezi Oktoba 2024 Open Source Initiative ilitoa fasili yake ya akili unde huria, ikidai vigezo, msimbo, na maelezo ya kutosha juu ya data ya mafunzo. Fasili hiyo imezua ubishi, kwani wapo waliotaka data yenyewe itolewe. Lakini hata katika ubishi huo pande zote zakubaliana kwamba kuonekana si sawa na kuwa huru.

Uhuria una uzito wake katika uhakiki. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alifundisha kwamba usalama wa mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mbinu yake, bali ufunguo tu. Chombo cha kuhakiki ambacho msimbo wake umefichwa humtaka mtu amwamini mwenye chombo, na hapo tumerudi tulikotoka. Hata hivyo tusiuabudu. Msimbo wa XZ Utils ulikuwa huria, na bado sehemu ya ule mlango wa siri iliwekwa ndani ya kifurushi kilichotolewa bila kuwekwa katika ghala la hadhara. Uhuria humpa mtu nafasi ya kuangalia, haumwangalilii.

Limesalia neno la mwisho, nalo ni "bandia". Akili bandia, akili mnemba na akili unde yote yanatumika, wala hatukukusudia kumaliza ubishi huo hapa. Lakini katika habari ya modeli za kughushi, "bandia" latatiza: noti bandia na vyeti bandia ni vya udanganyifu, na hivyo tutalazimika kusema "akili bandia bandia". Ndiyo sababu tumetumia "akili unde" katika makala haya yote.

Kwa ufupi, tunayopendekeza ni haya:

Saini: alama ya kihesabu itolewayo kwa ufunguo wa siri wa mtu au chombo.
Heshi: mfuatano mfupi ukokotolewao kutokana na faili zima.
Kuhakiki: kuangalia mwenyewe kwamba saini, heshi au uthibitisho unalingana na kinachodaiwa.
Uthibitisho: hoja ya kihesabu itolewayo na upande mmoja ili upande wa pili uihakiki.
Kuidhinisha: kitendo cha mamlaka kuruhusu kitu kitumike.
Kriptografia: elimu yote ya saini, heshi, thibitisho na usimbaji fiche.
Huria: chenye kutumika, kuchunguzwa, kubadilishwa na kugawiwa kwa uhuru.
Wazi: chenye kuonekana tu.

Juu ya maneno hayo twaongeza kanuni moja kwa wafasiri: neno "uhakiki" lisisimame peke yake. Kila linapoandikwa litajwe jambo lililohakikiwa. Sasa turudi kwenye sentensi yetu ya mwanzo na tuiandike upya: "Modeli hii ya akili unde imetiwa saini na watengenezaji wake. Mtu yeyote aweza kuihakiki saini hiyo kwa programu huria, na kujua kwamba faili alilopokea ndilo walilolitoa. Uhakiki huu hausemi lolote juu ya ukweli wa majibu yake."

Itasemwa kwamba sentensi imerefuka. Kweli imerefuka. Lakini karani wetu wa wilaya akiisoma atajua nini kimeangaliwa na nini hakijaangaliwa. Atajua pia kwamba yeye mwenyewe aweza kuangalia. Ile fupi ilimwondolea yote mawili. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu waliokwisha kuyajaribu maneno haya darasani, twawaomba watuandikie kabla mazoea hayajakomaa, kwani mazoea mabaya ya lugha hurithishwa kama yalivyo mazuri.